Kabla Uchague Programu ya CNC, Zima Stima Kwanza

Tangu niweke ile video ya kitanda cha Mwalimu, DM zimejaa swali moja: "Unatumia programu gani kuendesha hiyo mashine?" Kuna wenye wamenitumia hadi picha za skrini. Mach3. LinuxCNC. Nyingine sijui jina, ina mataa ya bluu kama dashibodi ya matatu mpya. Wanataka niseme ipi ndiyo kali.

Nitasema. Lakini sianzi na skrini, naanza na shati la Tata.

Kwa wageni: niko Suneka, hapa kwa barabara ya Kisii kwenda Migori. Tata ni baba yangu. Yeye naye huniita "baba", na kwa Ekegusii baba ni mama, maana nilipewa jina la mamake. Msichanganyikiwe. Tata ni seremala. Karakana yetu ni nguzo na mabati, na humo ndani ametengeneza vitanda, milango na viti vya kanisa tangu kabla nizaliwe. Halafu wateja wakaanza kuja na simu mkononi. "Fundi, unaweza hii?" Wanaonyesha kichwa cha kitanda kimechongwa maua na mashine, wamekiona Kisumu ama Nairobi. Tata anaweza, tena kwa mkono. Ni kazi ya siku nne. Mteja anataka kwa bei ya mashine.

Kwa hivyo nikaunda mashine. Meza ya milimita 1300 kwa 900, fremu ya mabomba ya mraba iliyochomelewa na jirani, mota nne za stepa, sapulai ya volti 24, bodi ya Arduino Uno, na ile rauta ya mkono ya Tata ikafungwa katikati. Vitu vya elektroniki vilitoka Luthuli, vikaletwa na shatoo kama kifurushi. Hiyo stori ya kuunda iko kwa video za zamani, sitairudia.

Sasa, wengi mkisema "programu ya CNC" mnachanganya vitu vitatu. Fikiria matatu ya Suneka kwenda Kisii. Kuna mwenye alipanga ruti: hiyo ni programu ya kuchora, ndiyo inatoa faili la G-kodi (si ile kodi ya KRA), mistari na mistari ya "nenda hapa, shuka milimita mbili, nenda pale." Kuna makanga: hiyo ni programu iliyo kwa laptopu, inasoma mistari na kumpigia dereva kelele mmoja mmoja. Halafu kuna dereva mwenyewe: programu ndogo iliyo ndani ya bodi, ndiyo inageuza yale maneno kuwa mapigo ya umeme ya kuzungusha mota. Kwangu dereva ni GRBL. Makanga nimebadilisha mara tatu.

Na huyu dereva haoni barabara. Hiki ndicho kitu hakuna picha ya skrini itakuonyesha. Mashine zetu za bei ya chini hazina kipimo cha kuangalia kama mota kweli imesonga. Bodi inatuma mapigo 200, inaandika kwa daftari lake "tumesonga milimita moja." Mota ikikwama, daftari linasema tumesonga. Mota ikikosa stima kabisa, daftari bado linasema tumesonga.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja jioni hivi. Ubao wa mahogani wa sentimita 120 kwa 60, jina la familia ya Mwalimu katikati, maua pande zote. Faili lilikuwa na mistari zaidi ya 40,000 na tulikuwa tumefika karibu nusu. Stima ikaenda. Rauta ikanyamaza.

Nikafanya kile kila Mkenya hufanya: nikatoka nje kuuliza kama ni kwetu tu ama ni kila mahali. Nikaanza kupiga stori na dada wa M-Pesa. Kule ndani laptopu ilikuwa imehamia kwa betri bila kusema neno. Na Arduino haipati umeme kutoka kwa ile sapulai ya volti 24, inapata kwa kebo ya USB, yaani kwa laptopu. Umeona hiyo mambo? Makanga anaendelea kupiga kelele, dereva anaendelea kuandika kwa daftari, na matatu iko bila injini. Dakika nne nzima mashine ilikuwa inachonga hewa kichwani mwake.

Tata akaona kumetulia, akapata nafasi ya kufagia vumbi. Kwa mkono, karibu na biti, vile amefanya miaka yote na vifaa ambavyo haviamki vyenyewe.

Stima ikarudi. Swichi ya rauta ilikuwa bado imewashwa, kwa hivyo ikalia hapo hapo, kitu inazunguka karibu mara elfu thelathini kwa dakika. Mota zikapata nguvu zikaanza kutembea kufuata mstari ambao dereva alifikiria wamefika, lakini kutoka pale walipokuwa kweli. Nilisikia Tata akipiga kelele, nikarudi mbio, nikang'oa plagi. Biti ilikuwa imepita kwa mkono wa shati lake. Kifungo kiliruka hadi kwa mlango. Ngozi haikuguswa, na mpaka leo sijui kwa nini. Ubao ulikuwa na mtaro kutoka kwa ua la kushoto, ukakata jina la Mwalimu katikati, ukaishia pembeni.

Hakugomba. Aliangalia mkono wa shati, akaangalia mashine, akaniuliza: "Baba, hii kitu yako haijui stima ikienda?"

Sijawahi kusikia swali bora la kuchagulia programu. Kwa video zote nilizotazama kabla ya kuunda, na nilitazama nyingi sana, hakuna hata mmoja aliuliza hivyo. Hao watu wako Marekani, wako Ujerumani. Wanabishana kuhusu rangi ya skrini na kama unaweza kuona kazi kwa 3D. Kwao stima ikienda ni habari ya gazeti. Kwetu ni Alhamisi. Na msiniambie ni shida ya huku ushago tu. Mnakumbuka 2023? Giza la nchi nzima 25 Agosti, tena 11 Novemba, tena 10 Desemba. Hata JKIA ilikaa gizani.

Kwa hivyo nikatengeneza mtihani, nikaupatia jina la Tata. Toa biti. Weka faili refu, acha mashine icheze hewani. Katikati ya kazi zima stima kwa swichi kuu. Hesabu hadi 60. Washa. Usiguse kitu, angalia tu. Halafu jiulize mambo mawili: kuna kitu kimesonga bila ruhusa yangu? Na naweza kurudi pale pale nilipoachia? Nimejaribu kila kitu nilichopata kwa mtihani huo.

Mach3 ndiyo wengi mnanitumia, kwa hivyo nianze nayo. Nilianza nayo pia, na nitakubali kosa langu: nilinunua ile ya kuibwa, kwa flashi, shilingi 1,500, kutoka kwa jamaa mmoja mjini aliyeniapia kwamba ni orijino. Leseni halali ni dola 175, yaani zaidi ya shilingi elfu 22. Ya kujaribu bure inakubali mistari 500 tu ya G-kodi, na faili langu la kitanda mmelisikia. Ile ya flashi antivairasi ilipiga kelele kuishinda rauta. Lakini tuseme ulinunua halali. Mach3 ilitengenezwa kwa kompyuta za mezani zenye ile poti pana ya printa za zamani, na draiva yake ya hiyo poti haifanyi kazi kwa Windows ya biti 64. Ukitaka kuitumia kwa laptopu ya leo lazima uongeze bodi nyingine ya kati ya kununua. Na haiendelezwi tena. Ni programu iliyofundisha watu wengi duniani, naiheshimu kama vile unaheshimu Nokia 3310, lakini sioni msee wa miaka 19 akianza nayo leo. Mwenye anakwambia Mach3 ndiyo ya wanaume, muulize alilipa pesa ngapi.

LinuxCNC ni stori tofauti. Ilitokana na kazi ya NIST, ile taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, miaka ya 1990, na ni ya bure kabisa, bure ya kweli. Hapa kompyuta yenyewe ndiyo dereva. Na nitawaambia kitu ambacho mashabiki wa GRBL hawapendi kusikia: kwa mtihani wa Tata, kompyuta ya mezani yenye LinuxCNC ilipita kirahisi kuliko mashine yangu ya kwanza. Kwa nini? Kwa sababu haina betri. Stima ikienda, kompyuta na mota zinakufa pamoja, na stima ikirudi mota hazina mtu wa kuzituma mpaka wewe mwenyewe uwashe kila kitu upya. Ujinga wa kompyuta ya mezani ndio ulinzi wake.

Shida ikaja mahali pengine. LinuxCNC ikituma mapigo kupitia ile poti ya printa, inataka kompyuta isiyochelewa hata kidogo. Kuna kipimo kinakuja nayo, unakiacha kikikimbia huku ukifungua vitu vingine, kinakuonyesha ucheleweshaji kwa nanosekunde. Unataka elfu makumi machache, ikizidi laki moja usijisumbue. Ile kompyuta niliazima kwa binamu ilifika laki mbili na zaidi. Mota ziligugumiza kama injini ya bodaboda yenye mafuta ya kuchanganywa. Kama una kompyuta nzuri ya zamani yenye hiyo poti, na uko na subira ya kukaa na Linux wikendi mbili, jaribu. Sikukatazi. Ningekuwa na hiyo kompyuta pengine hii posti ingekuwa na jina lingine.

Easel ya Inventables nitaipitia haraka. Ni nzuri kwa kujifunza, unachora na kukata mahali pamoja, lakini inakaa kwa mtandao. Nikiwa na bando ya saa moja na kazi ya saa tatu, hapana.

Sasa GRBL. Ilianzishwa Norway 2009 na Simen Svale Skogsrud, na baadaye Sungeun Jeon ndiye aliibeba kwa miaka mingi. Ni ya bure, na inaingia kwa Arduino Uno, bodi yenye kilobaiti 32 za kuhifadhi programu. Kilobaiti, si megabaiti. Picha moja ya simu yako haiwezi kutoshea humo. Hapo ndipo watu wanasema ni ya watoto.

Wacha tupige hesabu badala ya kutukanana. Mota yangu inahitaji hatua 200 kuzunguka mara moja, na draiva zimegawanya kila hatua mara 8, kwa hivyo ni mapigo 1,600. Skrubu yangu inasonga milimita 8 kwa mzunguko. 1,600 gawanya kwa 8 ni 200 kwa kila milimita. Kwa mahogani nakata milimita 2,000 kwa dakika nikiwa na haraka, yaani kama 33 kwa sekunde, yaani mapigo yasiyofika 7,000 kwa sekunde. GRBL kwa Uno inafika 30,000. Sijatumia hata robo ya nguvu yake. Mbao itaungua, biti itavunjika, Tata atakasirika, na GRBL bado itakuwa inapiga miayo.

Kuna vitu haiwezi, na lazima nivitaje juu mtavikuta. Haijui kubadilisha biti katikati ya faili. Ile amri ya M6 inaikataa, kwa hivyo mimi hugawanya kazi kuwa faili moja kwa kila biti. Haijui zile amri za mkato za kutoboa mashimo, wala kufidia upana wa biti yenyewe. Hayo yote niliyahamishia kwa mwenye kupanga ruti, ile programu ya kuchora. Kwa fundi wa vitanda hiyo si shida. Kwa mtu anayetaka kutengeneza vipuri vya chuma kama wale wanafunzi wa vyuo vya ufundi hushindana kwa Africa Tech Challenge, hiyo ni shida, na asikubali nimdanganye.

Lakini mlisoma vizuri: ni hii hii GRBL ilirarua shati. Kwa hivyo kwa nini bado niko nayo?

Kwa sababu shida yake naweza kuimaliza kwa vitu vya shilingi mia chache, na naielewa yote. Kwa bodi ya Uno kuna pini inaitwa A0. Kwa GRBL, hiyo pini ikiguswa na waya wa ardhi, kila kitu kinakatika: mota zinasimama, faili linaachwa, na daftari linafungwa. Nikachukua rilei ya volti 24, nikaifunga kwa ile ile sapulai inayolisha mota. Rilei ina mguu ambao umefungana wakati haina umeme na unaachana ikipata umeme. Huo mguu ndio nimeuweka kati ya A0 na ardhi. Stima ikiwa sawa, rilei imevuta, pini iko huru. Stima ikienda, rilei inaachilia, pini inaguswa, dereva anasimama. Laptopu inaweza kupiga kelele hadi asubuhi, hakuna wa kumsikiza.

Halafu rauta. Hiyo haina akili ya programu yoyote, ni swichi tu. Tukaiwekea swichi ya sumaku, ile ya vitufe viwili, kijani na chekundu, kama ya mashine za kupasua mbao. Stima ikienda inajifungua, ikirudi haiwaki mpaka mtu abonyeze kijani. Hii ningeweka hata kama mashine yako inaendeshwa na programu ya milioni. Na kile kitufe kikubwa chekundu cha dharura kifungwe kwa umeme wenyewe. Kitufe cha "Stop" kilicho kwa skrini ni ombi unalomtumia makanga, na wakati mwingine makanga analala.

Na sasa kurudi. Hapa ndipo swichi ndogo za mwisho, zile zinakaa kwa kona za mashine, zinalipa gharama yake. GRBL ina mpangilio wa $22. Ukiuweka 1, ukituma $H mashine inatembea polepole hadi iguse hizo swichi, na hapo inajua iko wapi tena kweli kweli. Ile kona ya ubao uliyoiwekea sifuri kabla ya kazi, inayoitwa G54, huhifadhiwa ndani ya bodi hata ikikosa umeme. Kwa hivyo stima ikirudi: $H, unainua biti, unaangalia ulifika mstari gani, unarudi nyuma mistari kadhaa ya kutosha, unawasha rauta, unaendelea. Ubao usiwe umesonga tu. Watu wengi huunda mashine bila hizi swichi kuokoa pesa. Nilikuwa mmoja wao.

Hapo kwa "unaangalia ulifika mstari gani" ndipo makanga wanatofautiana. Candle ni nyepesi sana, hata laptopu ya babu itaifungua, na wengi wenye zile 3018 za Kichina ndiyo wanaijua. Nilianza nayo. gSender, ya Sienci Labs ya Kanada, ndiyo ya kupendeza zaidi machoni, na ina sehemu safi kabisa ya kuanza kutoka mstari unaoutaka, inakupangia hata vile biti itashuka. Lakini laptopu yangu ina gigabaiti 4 za ramu na diski ya zamani, na gSender juu yake inatembea kama lori la miwa kwa mlima. Nimekaa na Universal Gcode Sender, ile ya Will Winder. Sura yake ni ya ofisi ya serikali, sawa, lakini inakubali kuanza katikati ya faili na haijawahi kuniachilia kazini. Kama una gigabaiti 8, chukua gSender na usinisikize.

Chochote unachochagua, ingia kwa mipangilio ya laptopu uzime kulala. GRBL inapokea maneno kidogo kidogo, herufi 128 kwa wakati mmoja, kwa hivyo laptopu ikisinzia mashine inamaliza yale machache iliyo nayo na kusimama. Rauta haisimami. Biti inakaa pale pale ikizunguka, na mahogani inaanza kunukia kama mahindi ya kuchoma.

Kuna mmoja aliniuliza, "Si ununue UPS tu?" Nilifikiria hivyo pia. Lakini ukiweka UPS kwa kompyuta peke yake umejitengenezea ugonjwa ule ule uliorarua shati: ubongo uko macho, miguu imekufa. Kama ni UPS, iweke kwa bodi na mota, upate dakika moja ya kuinua biti. Rauta yenyewe inakula umeme mwingi mno kwa UPS ndogo.

Na kuna FluidNC, ambayo nadhani ndiko naelekea. Iko kwa familia ya GRBL lakini inakaa kwa bodi ya ESP32, ina Wi-Fi, unaipangia kila kitu kwa faili moja la maandishi, na inasoma kazi kutoka kwa kadi ya SD. Maana yake makanga na dereva wanakaa kiti kimoja. Bodi nyingi zake zinakula umeme kutoka kwa sapulai ya mashine, kwa hivyo stima ikienda wote wanalala pamoja bila rilei yangu. Hata zile mashine kubwa za Kichina zenye rimoti ya RichAuto A11 huwa zinakumbuka zilipofika stima ikienda. Watengenezaji wanajua. Ni sisi wa mitandaoni tunabishana kuhusu rangi.

Swali la Tabaka pia limekuja mara nyingi, kama naweza kuchonga lile jiwe letu. Jiwe la sabuni ni laini, biti ya kabaidi inalikata bila shida, na programu ni hizo hizo. Vumbi ndilo shida, ni laini kama poda na linaingia kila mahali, kwa mapafu na kwa bodi. Wazee wa Tabaka hulilowesha maji wakipiga msasa. Maji na volti 24 zisizofunikwa sitaki kuziona meza moja. Na zaidi ya hapo, wale wachongaji wana mikono ambayo sitaki kushindana nayo kwa bei. Hiyo tutaongea siku nyingine.

Mambo yote ya GRBL yangu, kila nambari kutoka $0 hadi $132, nimeyaandika kwa daftari la shule la kurasa 96, limening'inia kwa msumari kando ya mashine. Uno ikiungua, na moja imeshaungua, naweka nyingine, nanakili nambari, kabla ya chai ya saa nne tunakata. Kama nimeenda chuo, ndugu yangu wa kidato cha tatu anaweza. Jaribu kufanya hivyo na Mach3 ya flashi.

Ubao wa pili wa Mwalimu ulichukua siku mbili kwa sababu stima ilienda mara tatu. Mara ya kwanza niliruka nikang'oa plagi kwa woga, rilei haikupata hata nafasi ya kufanya kazi yake. Mara ya pili nilikaa mikono nyuma. Ilisimama. Ya tatu ilitokea katikati ya herufi ya kwanza ya jina, na nikarudi mistari 30 nyuma. Ukipitisha kidole gumba pale kuna kimstari kidogo sana, kama nywele. Mwalimu hajakiona. Tata alikiona, akapiga msasa.

Sasa amekuwa na tabia moja. Kila nikibadilisha kitu kwa mashine, hata kebo tu, anangoja nianze kazi, anaenda kwa swichi kuu bila kuniambia, anazima. Jana nilikuwa kwa mstari wa 9,000 na kitu. Kila kitu kikanyamaza. Akahesabu polepole, akawasha, akasimama hapo akiangalia biti kama anangoja nyoka atoke shimoni. Haikusonga. Akaniambia, "Haya, baba, endelea," akaenda kunywa chai yake.